Mama Salomé Kabedi na Ukuta wa Majibu

Ifikapo tarehe 30 Septemba 2019, Mama Salomé Kabedi atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha mawasiliano hapa Kamina, na jioni ya siku hiyo atarudisha funguo. Wenzangu walinichagua mimi niandike maneno haya kwa ajili ya programu ya sherehe. Nilifurahi sana, mpaka nilipoambiwa sababu yake: wengine wote wanaogopa kwamba Mama ataichukua karatasi na kuisahihisha mbele ya wageni. Mimi amenisahihisha tangu mwaka 1991. Nimeshazoea, na mwandiko wangu bado ni uleule.

Mama Salomé ni mtoto wa Kamina. Baba yake alikuwa karani wa reli, mama yake mwalimu wa shule ya msingi, wote wawili Wametodisti wa kiti cha mbele. Nyumbani kwao, asema mwenyewe, mtoto alijifunza kwanza kuandika kwa mstari ulionyooka, kupika kukafuata. Alipokuja kuajiriwa mwaka 1987 kama karani wa mashine ya kuandikia, alikuta meza yake imekaa mshazari kidogo kuelekea dirishani. Aliinyoosha kabla ya kuketi. Haijasogezwa tena mpaka leo.

Baada ya muda akahamishiwa kwenye fonia. Kwa vijana wetu wasioijua: fonia ilikuwa redio ya kuita na kujibu. Unabonyeza, unasema, unaachilia, unasikiliza. Mmoja akisema, mwingine anyamaze, la sivyo wote wawili wanajisemea hewani. Kazi ile ilimfaa, kwa sababu ndipo mahali pekee hapa Kamina ambapo mtu aliweza kuwaambia wachungaji, makomanda na wakubwa wa ofisi wanyamaze, nao wakanyamaza. Mimi nilikuwa fundi wa betri. Nilikaa nyuma ya pazia na waya zangu, nikisikia yote, nikiulizwa machache.

Tungeweza kumsifu kwa mambo mengi: kwaya aliyoiongoza, makarani aliowafundisha, wanawe wanne wanaoandika barua zilizonyooka hata leo. Lakini mtu akiuliza mjini Mama Salomé ni nani, ataambiwa ni yule mama wa ukuta. Kwa hiyo naanza na ukuta.

Vita viliposhuka kutoka kaskazini, mwaka 1998 na hasa 1999, watu walianza kufika Kamina kwa reli na kwa miguu. Wengine walitoka Kabongo na vijiji vya nyuma yake, wengine walipita njia ya mtoni, Malemba-Nkulu, kisha wakazunguka mbali. Familia ziliondoka pamoja asubuhi na kufikia jioni zilikuwa zimegawanyika mara tatu. Watu walikuja kwetu wakitaka tuite kila mahali kwa fonia, na sisi tulikuwa na betri chache na mafuta kidogo. Hapo ndipo Mama Salomé aliponiamuru nipigilie mbao za masanduku chini ya paa la barza, kibaraza chetu cha mbele, urefu wa nyumba nzima, kutoka mlango wa ofisi mpaka kona ya choo. Anayetafuta ndugu aandike karatasi, aichomeke. Anayejua jambo aandike jibu. Pini hazikuwepo sokoni, kwa hiyo tulitumia miiba ya mlimao. Kabla ya hapo nilikuwa nimetoa wazo langu la kubandika kwa uji wa muhogo. Wazo lilikuwa zuri, hata mbuzi wa jirani walilipenda, wakala habari za familia kadhaa kwa asubuhi moja.

Mwanzoni kila mtu alichomeka alipopata nafasi. Swali lilikuwa mlangoni, jibu lake chooni, na kati yao mambo ya watu wengine. Mama Salomé hakuvumilia. Aliweka sheria mbili na kuziandika kwa herufi kubwa. Ya kwanza: jibu likae chini ya swali lake, ukingo wa juu uguse ukingo wa chini. Ya pili: anayejibu jibu, asogee kulia kiganja kimoja, ili macho yajue nani anamsemesha nani. Kiganja kilikuwa chake. Sisi wenye mikono mipana tuliitwa tena na kusogeza.

Ilipendeza kuiona. Ukisimama mbali, ulitambua mazungumzo kama ngazi zinazoshuka kuelekea kulia. Alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna. Akawaambia watu wote: ukitaka jibu lako, usihangaike na ukuta mzima, tazama chini ya karatasi yako tu. Watu wakamsikia. Na hapo ndipo ilipokaribia kutokea balaa.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Mama Abigaïl, mkulima, Mkatoliki, kutoka kijiji cha nyuma ya Kabongo. Alikuwa amefikia kwa Papa Umba, fundi wa baiskeli, nyuma ya soko. Yeye hakusoma, kwa hiyo Mama Salomé alimwandikia kama alivyosema, bila kumgeuza maneno: "Minyi Mama Abigaïl, niko kwa Papa Umba fundi wa kinga. Natafuta mutoto wangu Déborah na batoto bake. Tuliachana mu njia. Mwenye alibaona, aseme." Kila asubuhi alikuja, akasimama mbele ya karatasi yake, akauliza: "Chini yangu kuko nini?" Na Mama Salomé alitoka na vipokea sauti bado shingoni, akamsomea.

Siku za kwanza hakukuwa na kitu. Kisha Marc, muuza chumvi, mtu mwema mwenye ulimi mwepesi, akachomeka chini yake: "Bantu ba ile njia balipanda mashua ku Malemba. Nasikia ile mashua ilizama. Pole mama." Chini yake, kushoto kabisa, zikaanza kupangana pole. Pole ya Papa Umba. Pole ya wamama wa parokia. Pole yangu mimi pia, maana naona aibu kupita mahali watu wanapotoa pole nikanyamaza. Safu ile ilikuwa ndefu, imenyooka, na ilisomeka kama watu wengi wanaoshuhudia jambo moja.

Lakini kulia, kiganja kwa kiganja, kulikuwa na mazungumzo mengine. "Weye uliona na macho?" Kiganja. "Hakuona. Lakini hata minyi nilisikia." Kiganja. "Ulisikia kwa nani?" Kiganja. "Kwa Papa mumoja ku soko." Kiganja. "Na ule Papa alisikia kwa nani?" Ngazi iliendelea kusogea kulia mpaka mbao zikaisha, ikakunja kona, ikaingia upande wa choo. Huko ndiko lilikokuwa jibu la mwisho: "Kwa Marc." Walilisoma wale tu waliokuwa kwenye foleni ya choo, na mtu aliye kwenye foleni hiyo hana utulivu wa kurudi nyuma kutafuta mazungumzo yalianzia wapi.

Basi Mama Abigaïl alisomewa pole zake, siku baada ya siku, mpaka akachoka kungoja. Alisema hawezi kuwaacha wanawe bila kuwalilia kama watu. Kwa Papa Umba wakapanga matanga ya Jumamosi. Walinunua kuku, wakaazima mikeka, wakamwita mwanamke wa kumnyoa nywele.

Asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo Mama Salomé alikuwa akisafisha ukuta. Alikuwa na desturi ya kuondoa karatasi zisizo na mama wala mtoto, yaani zisizojibu mtu na zisizojibiwa, ili nafasi ipatikane. Mwisho kabisa wa mbao, kushoto, palepale mlangoni pa ofisi, ilining'inia moja peke yake kwenye mwiba wake. Aliing'oa. Alikuwa tayari kunipa nikawashie mbabula, jiko letu la makaa, akaisoma kwa mazoea:

"Kwa mama mwenye sitaje jina yake, wa kule nyuma ya Kabongo. Tuko bazima bote. Tuko Luena pembeni ya gare ya treni. Bibi yangu alizala mutoto mwanamuke mu njia. Musilie. Minyi njo Baba Shekina."

Nilikuwepo. Nilimwambia kwamba huyu naye kaandika bila kusema anamwandikia nani, watu wengine bwana. Yeye alisimama akiitazama karatasi, kisha akatazama mwanya ule mrefu wa mbao tupu ambao mtu huyo aliuacha kati yake na wengine wote. Mama Salomé anao wakwe. Ana mkwe mmoja ambaye mpaka leo akimwona njiani anavuka barabara. Akaniambia polepole, kama mtu anayejisomea: "Mwanaume haandiki jina ya mama, hataki karatasi yake iguse ya mama, anamusemesha kama bantu bengi. Éliézer, uyu ni muko."

Ndiyo, alikuwa mkwe. Kijana huyo, Chrispin, mume wa Déborah, alikuwa amepita Kamina na treni ya mizigo iliyosimama kidogo tu ikaendelea. Alikimbia mpaka kwenye ukuta, akaiona karatasi ya mama mkwe wake, akasoma sheria yetu: jibu liguse swali. Sasa aguse vipi? Kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe, hamtaji kwa jina, hakai mkeka mmoja naye. Na hapa karani mmoja wa Kimetodisti anamtaka aweke neno lake kifuani mwa mama yule, mbele ya mji mzima. Akafanya kama alivyolelewa. Alikwenda mbali kadiri mbao zilivyomruhusu. Treni ikapiga honi, akaondoka na moyo mweupe, akijua amekwisha kumtuliza mama.

Mama Salomé hakuvaa hata viatu vyake vya kutembelea. Wamama waliotoka nyuma ya Kabongo walikuwa wengi ukutani, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa anakaa kulilia siku hiyo, kwa hiyo alianzia kwake. Nilimfuata mbio mpaka nyuma ya soko. Tulimkuta Mama Abigaïl ameketi chini, wamama wamemzunguka, wembe umekwisha kufanya nusu ya kichwa. Mama Salomé alikata wimbo katikati, jambo ambalo kiongozi wa kwaya halifanyi, akauliza kwa sauti ya fonia: "Mama, mujukuu wako wa kwanza ni nani?"

Mama Abigaïl akamtazama bila kuelewa. "Shekina," akasema.

Aliposomewa karatasi hakuruka, hakupiga vigelegele. Aliweka mkono juu ya nusu ya kichwa iliyobaki na nywele. Alisema karatasi zilimuua mtoto wake, sasa karatasi zinamfufua, yeye haamini tena karatasi. Mwenye wembe akauliza basi afanyeje. Akamwambia: "Hii nusu ulishanyoa, basi. Hii ingine iko ya Déborah. Nitaingoja naye."

Fonia ya Luena ilikuwa kimya kwa sababu betri yake ilikufa. Mama Salomé alinigeukia, na mimi nikajua kwamba betri yetu ya akiba, niliyoificha nyuma ya pazia kama mboni ya jicho, imepata safari. Iliondoka na treni iliyofuata. Siku zile za kungoja, Mama Abigaïl alikuja ukutani kama kawaida, kitambaa kichwani, upande mmoja umejaa na upande mmoja umelala. Hakuuliza tena chini yake kuko nini. Alikaa tu kwenye barza. Watu walioweka pole walimpita wakitazama chini, nami nikiwa mmojawao.

Kisha Luena wakaita. Mama Salomé alimvisha Mama Abigaïl vipokea sauti, akamweleza mara kadhaa kwamba akisema abonyeze na akisikiliza aachilie. Hakukumbuka hata kidogo. Walisema wote wawili kwa pamoja, wakapotea hewani, mpaka Mama Salomé akamshika kidole na kukibonyeza yeye mwenyewe, kama anayemfundisha mtoto kuandika.

"Déborah? Njo weye?"

"Njo minyi, mama."

"Na uyu mwenye kulia ni nani?"

"Njo ule mwenye hamujuane bado."

Mtoto mchanga alilia mpaka Kamina, na katika chumba kile hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama Abigaïl aliuliza mkwe wake yuko wapi. Déborah akasema amesimama nje kwenye reli, hawezi kuingia sauti ya mama mkwe ikiwa sikioni mwa mkewe. Mama Abigaïl akafikiri, akabonyeza mwenyewe safari hii: "Umwambie Baba Shekina, karatasi yake iko na heshima mingi sana. Ilibakia kidogo iniue."

Wengine wangeishia hapo, wakala wale kuku wa matanga kwa furaha, na kweli tuliwala. Mama Salomé hakula sana. Alitoka na kiti, akakaa mbele ya ukuta wake siku nzima. Nilimpelekea chai, akasema neno ambalo sikulitegemea kwa mtu kama yeye: kwamba kila mtu alitii sheria, na sheria ndiyo iliyomficha mtoto. Alikuwa amepanga majibu kama karani anavyopanga karatasi. Watu lakini hawajibu kama karatasi. Mtu anajibu akiwa na shemeji, na mkubwa wake, na aibu yake, na treni inayompigia honi.

Kuanzia hapo ukuta ulibadilika. Kwanza alifanya karatasi tupu. Anayemjibu mkwe wake, au mtu yeyote asiyetakiwa kumgusa, aliichomeka karatasi isiyoandikwa kitu chini ya swali, kisha neno lake chini ya ile tupu. Karatasi zote mbili ziligusa kitu, na hakuna aliyemgusa mtu. Wazee walikuja kuitazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nakiri nilidhani ni upotevu wa karatasi mpaka nilipohesabu wakwe wangu.

Pili alipunguza ngazi. Hatua nne kwenda kulia, basi. Wa tano anarudi kushoto kwenye mstari wa nne na kuandika juu ya neno lake: "Namujibu fulani." Hakuna mazungumzo tena yaliyokunja kona ya choo. Tatu, pole zilikunjwa. Hakuziondoa, kwa sababu pole ni mali ya aliyepewa; alizikunja pamoja kwa mwiba mmoja, ya juu ikisomeka, na pembeni akaandika ziko ngapi ndani, ili anayetafuta habari asipite kwanza katika huruma zetu zote. Na kila jibu jipya lilipakwa nukta ya makaa pembeni, nukta ikafutwa siku iliyofuata, hivyo mtu aliyekuja kila asubuhi aliona mara moja kilichozaliwa usiku bila kuharibu mpangilio wa jana.

Marc naye alikuja akiomba karatasi yake iondolewe. "Mama Salomé, utoshe ile karatasi yangu, bantu bananicheka mpaka ku soko!" Alimkatalia. Alimwonyesha majibu yote yaliyoning'inia chini yake. Ukiitoa karatasi mama, alisema, hawa batoto watabaki wanapigana na nani? Mtu atakayesoma "Weye uliona na macho?" atadhani anaulizwa Mama Abigaïl. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno ya Marc, akaandika: "Mwenyewe alirudisha neno lake." Karatasi ikabaki mahali pake mpaka vita vilipokwisha. Marc alipunguza sana kusikia habari.

Watu walipata watu wao kwenye ukuta ule, wengi. Wengine hawakupata, na karatasi zao Mama Salomé hakuziondoa kamwe, hata zilipokuwa hazina mtoto. Alizihamishia ndani, ukutani kwa meza yake. Bado zipo. Naomba mrithi wake aziache.

Nilidhani mambo ya ngazi yamekwisha pamoja na vita. Simu zikaja, fonia ikanyamaza, nami nikabaki fundi wa betri zisizotakiwa na mtu. Lakini mwaka 2014 kituo kilifungua tovuti, kwa ajili ya watu wa Kamina walio mbali: Lubumbashi, Kinshasa, hata ng'ambo. Aliyeijenga ni Jérémy, kijana hodari kutoka Lubumbashi. Chini ya kila habari watu waliweza kuandika maoni, na ya karibuni ilikaa juu. Ilikuwa safi, ya kisasa, tukaipigia makofi.

Papa Umba wa baiskeli akafariki. Tuliweka tangazo. Mtu akaandika kwamba marehemu ameacha kitukuu aliyezaliwa wiki ileile, mwingine akamjibu "Félicitations! Mungu aongeze!" Tovuti ikalichukua lile félicitations, yaani hongera, na kuliweka juu kabisa, chini ya picha ya marehemu. Binti yake alipiga simu akilia. Mama Salomé akavaa miwani, akatazama kioo cha kompyuta, akasema kwa uchovu wa mtu aliyekutana na jirani wa zamani: "Tulishatoka huku."

Walifanya kazi pamoja majuma kadhaa, na sitasema kwamba mmoja alimfundisha mwingine, kwa sababu nilikuwepo na niliwasikia wakigombana. Mama alitaka kiganja. Jérémy akampa kiganja, kisha akamwonyesha kwenye simu: kufikia hatua ya tatu maneno yalibanwa ukingoni, herufi moja chini ya nyingine, mpaka neno "pole" likawa na mistari minne. Mama akakubali kwamba simu si ukuta. Jérémy akaleta mstari mwembamba wa rangi pembeni, wenye kusogea kidogo tu, na hatua zikaisha kwenye ya nne na jina la anayejibiwa juu. Jérémy alitaka kukunja majibu yote, ukurasa uwe mwepesi. Mama akagoma. Alisema anayekunja aonyeshe ya juu na aseme ziko ngapi ndani, kwa maana anajua kilichowahi kulala mahali ambapo hakuna anayefunua. Jérémy akakubali. Maoni yaliyofutwa yaliacha alama mahali pake. Nukta ya makaa ikawa nukta ya kijani.

Kitu kimoja tu Jérémy alikikataa kwa kicheko: karatasi tupu. Alisema kompyuta haina mama mkwe. Mama Salomé akamjibu: "Kompyuta haiko naye. Mwenye kuiandika iko naye." Akaachilia. Mwaka uliofuata Jérémy akaoa hapa Kamina, binti wa familia moja ya zamani. Siku ya kwanza mama mkwe wake alipoandika maoni kwenye tovuti, kijana alikaa mbele ya kioo mchana kutwa bila kuandika neno. Kabla ya mwisho wa juma kulikuwa na kitufe kipya: unajibu, na nafasi nyeupe inakaa kati yako na unayemjibu. Mama Salomé alikiona. Alivua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Tulitangaza kustaafu kwake kwenye tovuti mwanzoni mwa mwezi huu. Maoni ni mengi, yamekunjwa vizuri, na yangu nayo yamo ndani humo, yamesahihishwa. Lakini moja halikukunjwa. Liko chini ya tangazo, na kati yake na jina la Mama kuna nafasi nyeupe. Lazima niwaeleze kwamba yule mtoto aliyezaliwa njiani alipewa jina la Salomé. Tangu siku ile Chrispin anamhesabu Mama wetu kama mama mkwe wa pili. Hamtaji, na hata binti yake mwenyewe, kwa kuwa jina ni moja, anamwita "mama" tu. Ameandika hivi:

"Kwa mama mwenye sitaje jina yake. Tuko bazima bote. Ule mutoto wa mu njia anaolewa mwezi wa kumi na mbili, hapa Luena. Nyanya yake Abigaïl alisema hatanyoa wala hatasuka mpaka mukuye huku ku ndoa. Minyi njo Baba Shekina."

Mama Salomé, kwa miaka yote hii ulisimama pembeni ya ukuta ukitunza majibu ya watu wengine. Kwa yote hayo tunakushukuru: kwa kiganja chako, kwa ukali wako, kwa betri yangu uliyoipeleka Luena. Tunakuombea afya, usingizi usiokatwa na fonia, na meza iliyonyooka popote utakapokaa. Kuanzia kesho huna tena funguo, utaingia kwenye tovuti kama sisi wengine. Nukta ya kijani bado inawaka kwenye maneno ya Chrispin, na chini yake hatukuruhusu mtu yeyote aandike. Nafasi hiyo ni yako. Kaa salama, Mama, na umjibu mkweo.

Éliézer Banza, fundi wa betri